Mwiba wa Njia ya Kama

Wakati wa vita, treni iliponyamaza na malori yakaozea porini, mji wa Kindu, mashariki mwa Kongo, ulilishwa na miguu ya wanaume. Kizito alikuwa mmoja wao. Alitoka Pangi angali kijana, akanunua baiskeli isiyo na pedali (za nini, na haipandwi?), akawa anaisukuma hadi mji wa Kama na magunia ya chumvi na sabuni, kisha anarudi na mchele na mafuta ya mawese. Viatu havikufaa kitu. Tope liliwavua wenye navyo na kuvimeza, kwa hiyo wasukumaji wote walikwenda pekupeku.

Clémentine, mkewe, naye alikuwa na kazi yake katika biashara hiyo, ingawa hakuna aliyeitaja. Msukumaji akirudi, mkewe humkalisha, humtia miguu kwenye beseni la maji moto yenye chumvi, kisha huichokonoa miiba kwa pini. Hiyo ilikuwa desturi ya wake wa wasukumaji, na waliringiana kwayo. Mwanamke aliyemwachia mumewe mwiba alisengenywa kwenye chemchemi wiki nzima.

Mwaka 1999 risasi zililia karibu na njia. Wenzake walitupa mizigo wakakimbia. Kizito, mkaidi yule, aliingia msituni akiburuta chumvi yake, akakanyaga kisiki cha mwanzi. Kilimzama kisiginoni. Clémentine alichokonoa siku tatu, akatoa vipande vingi, lakini moyoni aliamini kimoja kimebaki. Kidonda kikafunga. Vita vikaisha, Kizito akaweka kando ya njia meza ya kutengeneza baiskeli, au makinga kwa lugha ya Kindu, mtoto wao Yannick akakua akaenda kuchimba madini huko Punia.

Basi zaidi ya miaka ishirini baadaye, doa jeusi lilipotokea kwenye kisigino kilekile, nani angeshangaa?

“Ule muiba ya vita njo unatoka sasa,” Kizito alisema akicheka. “Ulilala bure miaka yote, leo unatafuta mulango.”

Clémentine hakucheka. Aliona aibu, kana kwamba wanawake wa chemchemi wangali wanamsubiri. Akatafuta pini yake, akaongeza na wembe, na kila Jumamosi, siku wanayoiita posho, akawa anakwangua. Doa halikuuma, na hapo ndipo lilipowadanganya. Lilitanuka likawa kama kifuniko cha chupa, kingo zake zimeparaganyika, hapa jeusi, pale kahawia. Kisha katikati pakainuka kinundu, kikaanza kutoa maji na damu.

Siku moja Clémentine alikwenda kituo cha afya kutafuta bendeji. Ismaël, muuguzi wa pale, alimvuta pembeni.

“Mama Yannick, ule muguu ya muzee niliuona kwenye anatengenezaka makinga. Ile haiko muiba. Mumupeleke hospitali kubwa mbio. Watakata ile nyama, pengine kisigino yote.”

Alirudi nyumbani na maneno hayo, akayameza. Angemwambiaje mwanamume ambaye fahari yake yote ni miguu? Nitamwambia kesho, alijisemea. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini hawakutufunza la kumfanya anayemficha mgonjwa ugonjwa wake. Kesho ile ilichukua miezi saba.

Halafu ukaja mtoki. Kindu nzima inajua kwamba mtu akiwa na kidonda mguuni, kinena huvimba, na kidonda kikipona mtoki hunywea. Wakakanda kwa kitambaa cha moto. Mtoki haukunywea; ulikuwa mgumu, ukafikia ukubwa wa yai la bata. Ndipo walipokwenda hospitali.

Daktari Gisèle alikata kipande cha nyama, kikapelekwa Kinshasa kwa ndege. Jibu lilikawia wiki tano. Lilipofika, alimwita Clémentine peke yake kwanza, akavuta kiti karibu naye.

“Mama, njo kansere ya ngozi. Jina yake melanoma. Inaanzaka mule mwenye ngozi inapata rangi yake. Iko ya namna mingi. Ingine inatanuka juu ya ngozi polepole. Ingine inatoka kama kinundu, inaingia ndani mbio sana. Ingine inashika wazee ku uso, sababu ya jua ya miaka mingi. Zile zinapenda zaidi wazungu. Ya papa Yannick iko ya chini ya muguu, ao katika kiganja, ao chini ya ukucha. Ile haingojake jua, na njo inatushikaka sisi watu weusi zaidi. Watu wanasema ni muiba, ni kidonda, wanakawia.”

“Njo wembe yangu ilileta?”

“Hapana. Wembe haikuileta. Lakini kama angekuja wakati iko doa tu, ningeikata, pengine angepona. Sasa imekwisha kutembea ndani ya mwili.”

Clémentine alikuwa amejiandaa kulaumiwa kwa wembe. Kwa ile miezi saba ya kunyamaza hakuwa amejiandaa.

Siku tatu alizunguka na siri ile ya miezi saba kifuani. Siku ya nne, adhuhuri, Kizito amelala kwenye mkeka barazani, Clémentine aliketi miguuni pake.

“Baba Yannick, nilikuua. Ismaël aliniambia zamani kama haiko muiba. Mie nikanyamaza.”

Kizito aliinuka akaegemea kiwiko.

“Ismaël aliniambia mie kwanza, mbele ya kukuambia wewe,” akasema. “Alileta kinga yake nitengeneze, akaona muguu.”

“Na wewe haukusema?”

“Ulikuwa unakwangua na moyo yote, kila posho. Nilisema, akijua anakwangua bure, ataumia. Nikakuacha.”

Clémentine alilia kwa sauti, mchana kweupe, mpaka majirani wakaja mbio wakidhani mzee amekwisha kufa. Hakuwa amekufa. Alikuwa amebakiza wiki tisa, na katika wiki tisa hizo hawakufichana kitu.