Tao Namba Saba

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na sijawahi kuficha. Lakini siku niliyoyakuta matao yangu yamenyooshwa, hasira haikuja kwanza. Kwanza nilikaa chini kwenye majani yaliyolowa, begi la kompyuta bado mgongoni, macho yamenitoka.

Nieleze nilifikaje pale. Ninafanya kazi katika karakana ya mjomba wangu, kaka wa mama, mtaa wa Kasenga mjini Uvira. Tunatengeneza milango, madirisha, mageti na mapaa ya chuma. Mjomba huchora kwa chaki sakafuni, kwa ukubwa wenyewe wa kitu, na mafundi hukata chuma juu ya mistari ile. Mimi nilirudi kutoka masomoni Bukavu na kompyuta yenye programu ya kuchorea majengo. Humo unalisimamisha jengo zima kwenye skrini, unalizungusha, unaingia ndani yake, halafu unatoa chuma kimoja kimoja pamoja na vipimo vyake. Wateja walipenda kutazama. Mjomba alipita nyuma yao akiguna, akasema hajawahi kuona mtu akijikinga mvua kwa picha.

Ndipo kanisa moja dogo la mlimani, kwenye njia ya kwenda Lemera, likang'olewa paa na upepo. Mchungaji wao alishuka hadi kwetu, akaona kwenye skrini yangu paa la matao nililokuwa nachezea tu, akalitaka. Matao kumi na nane ya bomba la chuma, la mlangoni likiwa chini, kila linalofuata likipanda kidogo kuliko mwenzake, mpaka madhabahuni. Mipindo kumi na minane, na hakuna uliofanana na mwingine. Hata mjomba alijua chaki haiwezi kumaliza kazi ile kabla ya mvua kubwa. Akanipa, ila mbele ya mafundi wote.

"Sikia muzuri," aliniambia. "Hii kazi ufanye na ile ordinatere yako. Lakini ikikosea mara moja tu, mara moja, inatoka mu atelie yangu, na weye unaenda kusoma mambo ya hopitali vile mama yako anataka."

Mjomba hasemi mara mbili. Mimi nikiona damu nazimia, na kuchora ndicho kitu pekee nilichowahi kukifanya bila kuambiwa. Kwa hiyo nilifanya kazi ile kama mtu anayefukuzwa. Wiki tatu nilipima, nikachora, nikakagua. Mafundi wakapitisha kila bomba kwenye mashine yetu ya kupinda, wakifuata karatasi zangu. Nami nikachonga namba kwa patasi kwenye kila tao, moja hadi kumi na nane, ili asitokee mtu wa kuyachanganya.

Lori lilipanda na matao, bila fundi hata mmoja. Mimi nilikuwa nifuate kesho yake, lakini mvua ikakata barabara uwandani, nikakwama Uvira siku tatu. Michoro nilibaki nayo begini. Niliona nikiiweka kwenye lori italowa. Siku ya nne nilipata pikipiki, tukavuka uwanda wa Ruzizi tukinywa vumbi na matope kwa zamu, tukaanza kupanda.

Nilipofika uwanja wa kanisa, akina mama wa kwaya walikuwa wakiimba. Mchungaji, mtu pekee pale aliyewahi kuliona paa kwenye skrini, alikuwa safarini. Katikati ya uwanja, juu ya majani, mabomba kumi na nane yalilala sambamba, yamenyooka kabisa. Pembeni alisimama mwanaume wa miaka hamsini hivi, mikono minene, jasho limekauka shingoni, anatabasamu kama bwana harusi. Miaka mingi alifanya kazi kwenye ujenzi kule chini uwandani. Kazi yake ilikuwa kunyoosha na kufunga vyuma vya zege. Kwetu vyuma hivyo hutoka dukani vimekunjwa katikati, maana hakuna gari la kubeba urefu wa mita kumi na mbili. Vikifika, kazi ya kwanza ni kuvinyoosha. Kila mtu anajua hivyo. Mimi pia nilijua.

"Karibu, mama! Tulisema usikute kazi nyingi," akasema. "Angalia, yote tulinyosha. Siku mbili, watu sita."

Hapo ndipo nilipokaa chini. Niliyahesabu mabomba kana kwamba labda hayakuwa yangu. Kila namba niliyoichonga ilikuwa pale, na walikuwa wameyapanga kwa kufuata namba hizo, ya kwanza upande wa mlango, ya mwisho upande wa madhabahu. Adabu yote ya kazi walikuwa nayo. Na matao hayakuwepo tena.

Hasira ikafika sasa. Nilisimama nikapiga kelele. "Mumeniua! Muko na akili kweli? Ile ilikuwa ya kubaki imekunjwa! Nani aliwatuma?"

Kwaya ikanyamaza. Kwetu msichana hampigii kelele mtu wa umri wa baba yake, tena uwanjani pa kanisa, na nilijua hivyo hata maneno yakiwa bado mdomoni. Yule baba hakunijibu kwa ukali. Tabasamu lilimwishia taratibu, akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Hatukutumwa na muntu," alisema. "Byuma bikifika binanyoshwa. Weye uliandika namba, tukafuata namba. Hakuna fasi uliandika bibakie vile."

Ilikuwa kweli, na kweli hiyo ilinichoma. Kwenye kompyuta nilikuwa nimeandika hata unene wa kila boliti. Neno moja la kusema msinyooshe sikuliandika popote, kwa kuwa ndani ya mashine kila kitu kinajijua kilivyo, nami nilidhani na nje ni hivyo hivyo. Nilimwomba radhi kwa kelele zangu. Alikubali, lakini nilimwona ameumia.

"Kama niliharibu, unionyeshe nimeharibu nini," akasema.

Tukaingia kwenye darasa lililo jirani, nikafungua kompyuta juu ya dawati. Nililisimamisha paa, nikaligeuza polepole. Alisogea mpaka pumzi yake ikawa inaigusa skrini. Halafu akaweka kidole chenye matope juu ya kioo, akahesabu kuanzia mlangoni, akasimama kwenye la saba.

"Njo maana," akasema. "Sasa, ile ya saba?"

"Ya saba imefanya nini?"

Akanieleza. Kabla ya kunyoosha, aliyapanga yote kwenye majani, akafunga kamba ncha hadi ncha ya kila bomba, akapima mgongo wake, yaani ulivyoinuka juu ya kamba, kwa shibiri na vidole. La pili lilizidi la kwanza kwa vidole viwili. La tatu likazidi la pili kwa vidole viwili. La nne, la tano, la sita, vivyo hivyo. Alipofika la sita aliwaambia wenzake wasimame.

"Niliwaambia, hii haiko bure," alisema. "Hii iko na muntu alifikiri. Tungoje mwenye kazi. Halafu nikapima ya saba, nikakuta iko na mugongo sawa na ile namba ine. Haikuwa ndugu ya sita. Njo nikasema, aka, ni kukunja tu, ili biingie mu gari. Tukanyosha."

Nilimwambia haiwezekani. Nililitafuta tao la saba, nikalibonyeza, nikasoma kipimo chake. Nikasoma tena. Siku moja, katikati ya zile wiki tatu, nilikuwa nimelitenga na wenzake ili nijaribu mahali pa kuning'iniza taa, nikasahau kulirudisha. Nilipoinua urefu wa paa zima baadaye, kumi na saba yalipanda pamoja. La saba lilibaki na mpindo wa zamani, sawa na wa la nne. Kwenye skrini nilikuwa naliangalia paa kutoka juu, likiwa limefunikwa na mabati, na sikuwahi kushuka chini yake nikatazama. Karatasi ikatoka na kosa, mafundi wakalipinda kosa, mimi nikalichonga namba.

Wale watu hawakunyoosha kazi yangu kwa ujinga. Mtu aliona mpango wangu kwa vidole vyake, bila mchoro, akataka kunisubiri, na kosa langu mimi ndilo lililomwambia asinisubiri. Kama asingenyoosha, tungelisimamisha paa lenye bonde la vidole sita katikati, na mjomba angeliona kutoka mlangoni.

"Ya saba iko vile nilisema?" aliniuliza taratibu.

"Tutaitengeneza," nikasema, nikafunga kompyuta, nikamwambia chaji inaisha. Chaji haikuwa inaisha.

Hakuuliza tena. Kesho yake mafundi wetu wawili wa kulehemu walifika, na tukaanza upya. Nilisoma vipimo kutoka kwenye kompyuta, tukapigilia vigingi uwanjani kila baada ya nusu mita, tukapitisha kamba, na huo ukawa mpindo. Yule baba alichimbia magogo mawili ardhini, akapitisha bomba katikati yake, akawa anasukuma kidogo, anasogeza, anasukuma kidogo. Akilirudisha bomba kwenye vigingi, linalala sawasawa na kamba. Mimi nilipita na futi nikitafuta makosa, kwa wivu kidogo nakiri, na sikupata la kusema. La saba tulilipinda mwisho, kwa kipimo sahihi. Alilisukuma mwenyewe bila kunitazama.

Siku nne tulifanya kazi hivyo. Siku ya mwisho, tukila mihogo na maharage nyuma ya kanisa, akaniambia jambo lake.

"Mama, uniambilie mujomba wako. Huku hakuna ujenzi, na watoto iko nasoma. Mu atelie yake miye naweza kusaidia. Uliona."

"Niliona, papa," nikamjibu. "Nitamwambia."

Nilimaanisha. Naweza kuapa hata leo kwamba nilimaanisha.

Jumapili ya kufungua kanisa mjomba alipanda mwenyewe, na suti yake ya harusi. Alisimama mlangoni, akainua uso, akaanza kutembea polepole chini ya matao, shingo imepinda nyuma. Nilimfuata nyuma. Alipita chini ya la sita, akapita chini ya la saba, akapita. Alipofika madhabahuni alinigeukia, na macho yake yalikuwa yamelowa. Sikuwa nimewahi kuliona hilo.

"Haikukosea," alisema. "Ile masini yako haikukosea hata kidogo."

Baada ya ibada mchungaji, mtu wa utani, alimsimulia jinsi vyuma vilivyonyooshwa. Tayari kijiji kizima kilikuwa kinakicheka kisa hicho. Mjomba alicheka mpaka akashika nguzo. Akauliza huyo bingwa yuko wapi, wakamsukuma yule baba mbele, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi.

"Papa, kumbe ni weye!" mjomba akasema kwa sauti ya watu wote. "Mutoto anakunja wiki tatu, weye unanyosha siku mbili!"

Watu walicheka. Yule baba alicheka kidogo, kisha akaniangalia. Hakuniangalia kwa hasira. Alikuwa anangoja tu, kwa utulivu kabisa, kama mtu mwenye hakika. Maneno niliyotakiwa kusema hayakuwa mengi: mjomba, kosa lilianza kwangu, huyu ndiye aliyeligundua. Nilikuwa nayo kinywani. Mimi, mtu wa kelele, niliyeweza kumfokea mzazi mbele ya kwaya, nilishangaa kuona mdomo wangu haufunguki. Niliinama nikaanza kutafuta kitu ndani ya begi.

"Njo miye," nikamsikia akisema. "Sikufahamu kazi ya mutoto."

Tuliposhuka, garini, nilijaribu njia ya pembeni. Nilimwambia mjomba kwamba yule baba ni fundi wa kweli, kwamba matao yote aliyapinda yeye.

"Yule?" mjomba akasema, akaanza kucheka upya. "Aka! Muntu ananyosha paa ya kanisa, nimulete mu atelie yangu? Na weye unamutetea juu ya nini?"

Aliniuliza kwa kweli, alitaka kujua. Barabara ilikuwa mbaya, gari likirukaruka, nikajifanya nimeshika mlango.

Kompyuta ilibaki. Sasa ina meza yake, mbali na cheche, na mama aliishonea kitambaa cha kuifunika. Kompyuta ya pili inakuja. Wateja wakiletwa karakanani, mjomba huwaketisha mbele ya skrini, ananiambia niwaonyeshe lile paa la mlimani, kisha anawasimulia kuhusu mshamba mmoja aliyenyoosha matao kumi na nane. Kila mwaka anakiongezea kisa chumvi. Wateja wanacheka sana. Na mimi hucheka kabla yao.