Misaipresi Miwili ya Bigwa

Kiwanda cha nguo kilipopata mmiliki mpya, baba alirudishwa nyumbani, akaambiwa asubiri kuitwa. Msimu huohuo miti miwili ya misaipresi aliyoipanda mbele ya nyumba yetu, Bigwa, ikaanza kufa. Ilikauka kuanzia ndani, karibu na shina, huku kwa nje bado imevaa kijani. Ukishika tawi, vidole vilinata.

Kila mtu alikuwa na lake. Jirani alilaumu maji yetu ya sabuni. Mama alidhani mizizi imefika kwenye mwamba. Zamani mji ulikuwa na duka moja la ushirika lenye dawa moja. Sasa maduka ya pembejeo yalikuwa yamejipanga sokoni. Kwenye la kwanza walimwambia baba ni wadudu, wakampa chupa. Kwenye la pili walisema ni ukungu, wakampa unga wa buluu. Alinyunyizia vyote viwili.

Shangazi yangu alipokuja kutoka Mlali, alimnong'oneza mama kwamba hapo pana mkono wa mtu. Jumapili mama alirudi na maji ya baraka kutoka kanisani, akaunyunyizia mti wa kulia. Baba hakujua. Mimi niliona, nikanyamaza, maana sikujua nimwamini nani.

Mti wa kushoto ukazidi kukauka. Asubuhi moja baba alipokuwa anachanganya dawa, mama alimfuata uani.

"Mume wangu, unautibu au unaumaliza?"

Baba alikoroga kwanza. "Sijui," alisema. "Ila nikiacha hii, nitafanya nini kutwa nzima?"

Mama alirudi ndani.

Mwishowe baba aliuangusha ule wa kushoto kwa shoka. Shina lilikuwa zima kabisa, linanukia vizuri. Alipapasa pale alipokata, akaniita nami nipapase.

"Mbona mzima?" aliniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyeukata.

Hakuugusa tena mti wa pili. Mvua za vuli zilipokuja, ulichipua upande mmoja tu. Upande wa pili ulibaki fito kavu. Kiwandani hawakumwita. Alianza kupanda milimani kununua mboga na kuziuza mjini.

Wageni walipouliza ule mti ulipona vipi, baba alitaja unga wa buluu, mama akatazama pembeni, na shangazi, kama alikuwapo, aliguna. Nikiulizwa mimi, nilisema ni mvua. Sikuwa na hakika.