Sauti ya Syokau Ilivyofika Zizini

Hebu mwone akija. Anashuka kwa njia ya mteremko kutoka Mbooni, kiondo cha ndizi na mapera kiko mgongoni, mkanda wake umepita kwenye paji la uso, kama anavyobeba mama yeyote wa Ukambani. Mtandio tu ndio tofauti, kwa maana umefungwa hadi chini ya kidevu. Kabla hajafika sokoni Tawa ameshawasalimu watu wa ng'ambo ya bonde, nao wamemjibu. Syokau alikulia kwenye matuta ya mlimani. Huko ukitaka kumwambia jirani kwamba ng'ombe wake ameingia kwa mahindi, huendi kwake. Unasimama na kurusha sauti.

Sauti hiyo ndiyo iliyomfanya awe mwanzishaji wa nyimbo kanisani alipokuwa msichana. Kisha akaolewa na Mutie, aliyerudi kutoka Isiolo akiwa Mwislamu na kupata kazi ya kuchinja mbuzi wa Abukar, Msomali mwenye biashara ya mifugo pale Tawa. Syokau akasilimu. Dada yake Nzilani alilia kama mtu aliyefiwa. Na Mutie alipofariki, mwanzoni mwa miaka ya sabini, kwao wote walingoja arudi kanisani. Hakurudi.

"Unabaki huko na nani?" Nzilani alimuuliza.

"Na wanawake wa stoo."

Stoo yenyewe ilikuwa chumba cha ngozi nyuma ya duka la Abukar. Msikiti wa mabati ulikuwa mdogo, hauna nafasi ya wanawake, kwa hiyo walikifagia kile chumba, wakatandika mikeka, wakaswali humo na harufu ya ngozi ikiwa palepale. Syokau ndiye aliyesimama katikati ya safu na kuwaongoza. Watu wake walikuwa hao. Hakuwa na wengine, na ningependa ulikumbuke hilo tunavyoendelea.

Aliyemleta katikati ya safu ni Isnino, mke wa Abukar. Isnino alimfundisha Fatiha neno kwa neno huku wakichambua maharagwe. Alimwita abaayo, ndiyo dada kwa Kisomali, na Syokau alimwitikia kwa Kikamba, mwiitu wa mwaitu, binti wa mama yangu.

Siku moja Syokau alimngoja Ustadh Daud, mwalimu wa madrasa, nje ya msikiti.

"Ustadh, sisi tukiswali peke yetu, nani anatuadhinia?"

"Adhana ya mji ni ya wanaume, mama. Nyinyi mkimu swala tu, inatosha."

"Na mmoja wetu akiadhini?"

Ustadh alifikiri. Hakuwa mtu wa kufukuza maswali. "Kwa madhehebu yetu ya Shafii, akiitamka kwa sauti ndogo, isiyowavuka wale anaoswali nao, hakuna ubaya. Amemtaja Mungu. Ubaya ni kuipaza."

"Isiwavuke wenzangu. Nimeelewa."

Kweli alielewa, lakini kwa masikio ya mtu wa Mbooni.

Ramadhani ikaingia. Abukar na wanaume wake walikuwa safarini kununua mbuzi, na kila jua likizama Isnino alikuwa upande wa chini wa barabara, anafungia mifugo zizini. Msikiti haukuwa na kipaza sauti, na upepo ulichukua adhana upande wa pili.

"Abaayo, mimi nabaki na tende mkononi kama mjinga," Isnino alimwambia. "Sijui kama mmefungua ama bado. Wewe una sauti ya mlima. Niadhinie."

"Ustadh alisema isiwavuke wenzangu."

"Kwani mimi si mwenzako?"

Syokau akalipima. Sheria imepima sauti kwa masikio ya mwenzako, na mwenzako yuko zizini. Basi sauti na ifike zizini. Jioni hiyo alisimama mlangoni pa stoo akairusha, na kule chini Isnino akapunga mkono, tende iko mdomoni. Wakafanya hivyo jioni kadhaa, wakicheka.

Kisha Abukar akarudi na wageni. Waliketi uani, kati ya stoo na zizi, wakingoja kufungua. Sauti ikaja. Mgeni mmoja alishakunywa maji ndipo akageuka na kuona ni nani anayeadhini.

"Abukar," akasema, "kwako wanawake ndio wanatufungulisha?"

Wengine wakacheka. Abukar hakucheka.

Kesho yake baada ya Alasiri wakaitwa wote pale uani. Ustadh Daud alianza na wageni: saumu yao ni sahihi, jua lilikuwa limezama. Kisha akamgeukia Syokau.

"Mama, nilikuambia nini?"

"Isiwavuke ninaoswali nao. Isnino anaswali na sisi, Ustadh. Alikuwa zizini. Ndiye aliyeniomba."

"Kama ni hivyo, ni kutoelewa, si ukaidi. Tutasahihishana, na stoo yenu mtaendelea nayo." Akamtazama Isnino. "Ulimwomba?"

Ona jinsi jambo lilivyokuwa jepesi. Neno moja tu lilitakiwa.

Isnino aliangalia viatu vya mumewe. "Mimi hufungua nikiona jua limezama," akasema. "Huyu alizoea kuimba kanisani. Labda bado anakumbuka."

 Syokau alimwangalia tu, kama mtu anayetafuta sura anayoijua. Abukar akatia kufuli stoo, na kila mwanamke akaswali nyumbani kwake.

Nzilani alidhani sasa atarudi. "Si wamekutupa?"

"Sikusilimu kwa Isnino," Syokau alijibu. Akaendelea kuswali peke yake kule mlimani, ikama yake, ule wito mfupi wa kuanza swala, ni mnong'ono. Ila tangu hapo hakurusha sauti tena. Ng'ombe wa jirani akiingia kwa mahindi, Syokau alifunga mtandio, akashuka bonde, akapanda ng'ambo, akaenda kubisha hodi. Majirani walifikiri ni kifua.

Miaka ya tisini, Abukar akiwa amefariki, pikapu ya mboga ilimshusha Isnino mlangoni pa Syokau karibu na Magharibi. Alikuwa amezeeka. Hakusema lolote juu ya yale ya uani. Alisema tu kwamba watoto wake wamehamia mbali na nyumba imekuwa kimya. Syokau akamtilia maji ya udhu, akatandika mkeka mmoja, wakasimama bega kwa bega. Akakimu swala kwa mnong'ono wake.

Isnino akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Sikusikii, abaayo. Masikio yamekwisha. Inua kidogo."

Chumba kilikuwa chao wawili, mlango umefungwa, na mwenzake yuko begani. Hata Ustadh Daud asingepata cha kukataza. Syokau akakaza macho kwenye mkeka.

Ungekuwa wewe, ungeinua?