Kete Iliyopulizwa Saa Sita

Baba yangu alipenda vitu vichache, na alivipenda hadharani, ili kila mtu avijue. Alipenda misa ya kwanza ya Jumapili, ile ambayo baridi ya ziwa bado haijatoka mtaani kwetu Kadutu na watu wanaimba wakiwa wamekunja mikono. Alipenda maharage yaliyolala, yakipashwa asubuhi na kitunguu. Shati lake la misa alilipiga pasi mwenyewe, kwa pasi ya makaa, kwa sababu maman, mama yangu, alisema, hajui kola. Alimpenda kaka yangu mkubwa, aliyesoma mpaka akapata kazi katika ONG, yale mashirika ya misaada, na alikuwa akitaja diploma yake hata mbele ya watu waliokuja kuuliza mambo mengine. Alipenda redio yake ndogo. Na kuliko vyote, nadhani, alipenda dama, akicheza kwa vifuniko vya chupa juu ya kibao alichokipaka rangi mwenyewe.

Mimi nilipenda kujua jinsi vitu vinavyofanya kazi. Nikiwa na miaka kumi na minne niliifungua ile redio kwa kisu cha jikoni. Nilipoifunga tena nilibaki na skrubu mbili mkononi, na redio haikusema tena.

Baba hakunipiga. Jumatatu alivaa shati lake, akanishika mkono, akanipeleka shuleni. Aliingia kwa préfet, mkuu wa shule, peke yake, akaweka sahihi kwamba naacha masomo. Njiani kurudi aliniambia neno moja tu:

“Mukono ya kubomoa haiitaji kalamu.”

Hilo ningeweza kulisamehe. Nimewahi kufanya kazi chini ya watu wabaya kuliko yeye. Lakini jioni ile alimwambia maman kwamba nimekimbia masomo kwa hiari yangu, na Jumapili akawaambia watu wa shirika, kikundi cha wakristo wa mtaa wetu, ambacho yeye ndiye alikuwa kiongozi wake, Papa Prezida wao. Nilikana. Nani angeniamini? Yeye ndiye aliyeongoza rozari katika nyumba za watu, mimi ndiye niliyeua redio. Maman aliniambia nisimsingizie papa yangu. Kaka yangu alicheka.

Nikaondoka. Nililima Mudaka, nikabeba magunia ya maharage sokoni Minova, nikavuna mpunga Luvungi, nikachimba dhahabu Mwenga mpaka goti likavimba. Kila mahali niliuliza watu jinsi wanavyofanya mambo yao, na kila mahali palikuwa na kibao cha dama. Wachimbaji wa Mwenga hucheza haraka, kama watu wanaoogopa shimo litaporomoka. Wa Luvungi wanakuacha uende, uende, halafu wanakukaanga kwa mafuta yako kama samaki. Nilijifunza kwa wote hao. Kila nilipokula kete ya mtu niliona kidole cha baba juu yake.

Mwaka jana nilirudi Bukavu. Baba alikuwa amestaafu ofisini. Kila Jumapili, baada ya misa ya pili, alikuwa anacheza kando ya salle, ukumbi wa parokia, na wastaafu wenzake wakimzunguka. Hakuna aliyemshinda. Nilikaa nyuma yao Jumapili tatu bila kugusa kete, nikitazama.

Pale wana sheria ambayo haisamehe. Ukiwa na nafasi ya kula kete ya mwenzako, lazima ule. Usipoona, ukacheza nyingine, mwenzako anachukua ile kete yako iliyopaswa kula, anaipuliza kama mtu anayepuliza vumbi, na imekufa. Na pia wana desturi. Kengele ya saa sita ikilia, baba anasimama, anafunga macho, anasali sala ya Malaika wa Bwana mpaka mwisho, na hakuna anayesogeza kitu. Akimaliza, anaona aibu kwamba amewachelewesha watu. Basi anakaa na kucheza papo hapo ile hatua aliyokuwa ameipanga kabla ya kengele, bila kutazama kibao upya. Hilo lilinichukua Jumapili mbili kuliona. Ya tatu nilikwenda kuhakikisha.

Jumapili ya nne nilikaa mbele yake.

“Nikishinda, papa,” nilimwambia, “utaambia hawa wazee nani alinitosha ku masomo.” Yaani nani aliyenitoa.

Uso wake haukubadilika. Aliuliza yeye akishinda atapata nini. Nilisema nitaondoka na sitauliza tena maishani. Alianza kukusanya kete, akisema dama si mchezo wa kuwekeana masharti. Hapo ndipo dereva mmoja mstaafu wa malori, mzee mwenye mdomo mkubwa kuliko lori lake, alinisaidia bila kujua.

“Papa Prezida, mutoto ulimuzaa wewe mwenyewe, unamuogopa sasa?”

Wazee wakacheka. Baba akazipanga kete.

Alicheza vizuri. Sitasema uongo ili ushindi wangu uonekane mtamu. Alinila mbili mapema, na yule dereva akaniuliza kama Mwenga nilichimba dhahabu au nilichimba kaburi langu. Mimi nilikuwa nafuata jua ukutani. Karibu na saa sita nilianza kuchelewesha, nikijikuna shingo, nikishika kete na kuiacha. Nilipomwona mzee wa kengele anavuka uwanja, nilisukuma kete moja pembeni, mahali ambapo lazima aile. Kidole cha baba kilikuwa tayari kimeelekea upande mwingine.

Kengele ikalia. Akasimama. Alisali taratibu, kila neno, na mimi nilisimama pia na kuitikia.

Alipokaa, alicheza ile hatua yake ya zamani.

Nilichukua kete yake ya nyuma, ile iliyopaswa kula, iliyokuwa inalinda mlango wa safu ya mwisho, nikaipuliza mbele ya uso wake.

Wazee wakaja juu. Walisema mtu akitoka katika sala hapulizwi, kwamba nimemvizia Mungu mwenyewe. Niliwaacha waseme. Nilikuwa namtegemea mtu mmoja tu, kwa sababu nilijua hawezi kukataa sheria mbele ya watu. Baba alifuata njia ya kete kwa kidole.

“Sheria ni sheria,” alisema. “Amepuliza.”

Mlango ukawa wazi. Kete yangu ikapita, ikavishwa kifuniko cha pili, ikawa mfalme, na mfalme yule akamla baba kutoka nyuma mpaka kete zake zikaisha.

Alisimama. Alinyoosha kola yake. Nilidhani ataondoka, na nilikuwa tayari kumfuata mpaka barabarani nikipiga kelele.

“Hakukimbia,” aliwaambia. “Ni mie njo nilimutosha. Nilienda mwenyewe kwa préfet, nikaweka sinyatire. Kisha nikadanganya.”

Yule dereva alisema polepole kwamba wajukuu wake, kila walipochoka na masomo, aliwatajia mimi ili wasiharibike.

Wanawake wa kwaya waliosikia walifika nyumbani kabla yetu, wakasimulia. Maman alikuwa anasonga bugali. Hakuniuliza mimi kitu. Aliweka mwiko chini, akamgeukia baba.

“Miaka yote ile nilisali novena juu ya zambi ya huyu mutoto,” alisema. “Ilikuwa zambi ya nani?”

Baba alisema amechoka, anataka kulala kidogo. Maman alimwambia akae kwanza, ajibu. Akakaa. Akaanza kufungua viatu. Mimi nilivuta kiti, nikakaa mahali ambapo ningemwona vizuri.

Tangu siku ile maman anamwuliza swali lile kila Jumapili, kwa sauti ileile, baba anapokuwa anavaa viatu kwenda kucheza. Nilikuwa nimepanga kwenda Shabunda mwezi uliofuata. Nilitaka kuona wanavyosafisha dhahabu kule. Sijaenda. Nataka kuwepo atakapojibu.