Machungwa ya Mama na Mpaka wa Diski

"Futa hiyo Linux, dada," fundi wa kompyuta pale karibu na stendi ya Korogwe aliniambia, huku akiigeuza laptop yangu kama mtu anayekagua samaki aliyelala. "Mashine imezeeka. Haiwezi kubeba wake wawili. Baki na Windows peke yake, uone itakavyoruka."

Niliwaka hapo hapo. Mimi hasira zangu ziko karibu, na siku ile zilikuwa mlangoni kabisa. Nikamwambia, "Kwetu Handeni watu wameishi na wake wawili kwenye ua mmoja tangu zamani. Wakigombana, shida si wake. Shida ni huyo mume aliyegawa nyumba vibaya." Nikachukua mashine yangu na chaja yangu nikatoka. Akabaki anacheka na wenzake.

Sikuwa na haja ya kuruka. Nilitaka mashine irekodi sauti ya mama kabla ya Jumatatu.

Kazi yangu ni matangazo. Zile spika za sokoni zinazorudia maneno yale yale mpaka unatamani kuhama mji, za sumu ya panya, za mitumba, za dagaa, nyingi nimezirekodi mimi, na sioni aibu. Upande wa Windows nachapa kadi za harusi, maana printa yangu haielewani na upande mwingine. Upande wa Linux narekodi, kwa sababu programu ya kurekodia ni ya bure na mkono wangu umeshaizoea. Mashine moja, mifumo miwili, nyumba mbili ndani yake. Ukiiwasha inakuuliza leo unaingia wapi.

Na sauti iliyonilipia chumba cha kazi ilikuwa ya mama. Mama ni Msambaa wa Dindira, amekulia huko juu kwenye chai, ambako watu huitana kutoka kilima hiki hadi kile bila kusimamisha kazi. Akisema "Machungwa!" mbele ya maikrofoni, hata mimi niliyeshiba natamani chungwa. Wauzaji walikuja kumtaka yeye kwa jina. Tangazo lake la machungwa lilikuwa na mwisho wake mwenyewe, hakuna aliyemfundisha: "Njoo uonje kwanza! Usiponunua, hatugombani!" Kisha anacheka. Watoto wa mtaa mzima walikuwa wanaliigiza.

Halafu koo likaanza kuuma, sauti ikawa inakwaruza, na daktari akatuambia bila kuzunguka kwamba kuna uvimbe, koromeo lote litatolewa. Atakula, atatembea, atalima bustani yake. Lakini hatasema tena kwa sauti ile. Safari ya hospitali ikapangwa Jumatatu.

Nililia chooni nisionekane. Mama hakulia. Alikuja chumbani kwangu, akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema kwa ile sauti iliyobaki, "Nirekodi machungwa upya. Lile la zamani linataja bei ya zamani, na msimu unakuja."

Shangazi yangu, dada yake marehemu baba, alikuwa amefika kutoka Mkata kutujulia hali. Akapiga kofi mapajani. "Uchuro huo! Mgonjwa hajaenda hata kutibiwa, mnamrekodi sauti kama mnamuaga? Mtamchuria, nawaambia. Mwacheni apumzike."

"Wifi," mama akamjibu, "mimi naenda kukatwa koo, siendi kuzikwa. Mnanililia nini?" Kisha akanigeukia. "Washa."

Nikawasha. Na mashine ikaniaibisha. Mama anasema "Machungwa matamu," mashine inashika "Machu," inanyamaza, inashika "tamu." Tukarudia. Ikakatika pengine. Kila jaribio lilikuwa linamla koo, nilimwona anavyomeza mate kwa uchungu, na shangazi kule mlangoni anatikisa kichwa kama mtu aliyeshinda kesi. Simu yangu nayo maikrofoni yake ilishaingia maji. Sauti ilitoka kama mtu aliye ndani ya pipa. Ndiyo maana asubuhi iliyofuata nilibeba laptop hadi kwa yule fundi wa wake wawili.

Nilipokuwa narudi nyumbani kwa miguu, bado namtukana kimoyomoyo, maneno yangu mwenyewe yakanirudia. Mume aliyegawa nyumba vibaya. Sasa mashine hii aliyeigawa nani? Si mimi?

Nilikuwa nimebadilisha diski miezi michache nyuma. Ile ya zamani, ya sahani inayozunguka, ilianza kulia kama kinu, nikanunua SSD, isiyo na kitu kinachozunguka, nikahamisha kila kitu kama kilivyo. Nilitegemea itakuwa nyepesi. Ikawa nzito, hasa kwenye kuandika. Na kurekodi ni kuandika mfululizo, bila kupumzika. Nilidhani nimeuziwa diski mbovu.

Wakati wa kuhamisha, programu iliniuliza: tuache mipaka ya patisheni, yaani ya vile vyumba viwili vya diski, ilipokuwa, au tuipange upya? Nilijibu bila hata kufikiri: ilipokuwa. Nani angejibu vingine katika ukoo wetu? Baba alikuwa Mzigua wa Mkata, na nusu ya maisha yake aliimalizia kwenye kesi ya shamba na jirani aliyeng'oa mikonge ya mpaka na kuipanda hatua chache ndani ya mihogo yetu. Sisi watoto tuliapishwa: mpaka uliokabidhiwa hausogezwi, hata kama umepinda, hata kama unapita katikati ya kichuguu. Mtu wa kusogeza mpaka kwetu ni mwizi, basi. Kwa hiyo hata kwenye diski nilikuwa mtoto mwema wa baba.

Kumbe mipaka ile ilichorwa na mtu wa zamani kwa ajili ya diski ya zamani. SSD inatunza maandishi kwa vipande vyenye ukubwa wake. Sasa nikakumbuka onyo la programu ile, nililolipuuza: patisheni yangu ilikuwa inaanzia katikati ya kipande, si mwanzoni. Matokeo yake, kila kilichoandikwa kilikaa mguu huku mguu kule, na diski ilibidi ifungue vipande viwili, ivisome na kuviandika upya, kwa kazi ambayo ingetosha kipande kimoja. Ilipoandika sauti ya mama ilikuwa inabisha hodi nyumba mbili kila neno. Ingeacha kukatika vipi?

Dawa yake ilikuwa kusogeza mpaka. Kidogo tu, hadi nyumba ya kwanza ianzie kwenye megabaiti kamili, pale kipande kinapoanza, na nyumba ya pili vivyo hivyo.

Samahani, baba. Nilisema kwa sauti, peke yangu barabarani. Samahani, lakini huu nausogeza.

Matangazo ya zamani na kazi za wateja nilizinakili kwenye flashi kwanza, mimi si mwendawazimu. Lakini mashine ilikuwa hiyo moja, na maikrofoni ilikuwa inaelewana na hiyo tu. Ikifa katikati ya kusogeza, mama ataondoka Jumatatu na sauti yake. Na betri ya laptop ilishakufa zamani. Inakula umeme wa ukutani moja kwa moja. Umeme ukikatika diski ikiwa nusu imehama, kwaheri.

Nikamfuata jirani yetu anayechomelea mageti. Mashine yake ikiguna tu, taa za mtaa mzima zinafumba macho. Nikamwambia, "Leo mchana huchomelei."

"Ala! Umekuwa mjumbe wa mtaa?"

"Natengeneza mashine ya kumrekodi mama kabla hawajamkata koo."

Alinitazama. Akavua miwani yake myeusi, akazima swichi ukutani. "Usiponunua, hatugombani," alisema, polepole, bila utani wowote. Akaketi juu ya geti ambalo halijaisha.

Nikaiwasha mashine kutoka kwenye flashi nyingine yenye mfumo wake, nikafungua programu ya kupanga patisheni, nikaiambia isogeze. Mstari ukaanza kutambaa kwenye skrini. Shangazi alikuja akachungulia, akauliza kwa nini natoka jasho nimekaa kivulini. Nyumba ya Windows ikahama. Nyumba ya Linux ikahama. Nikazima, nikawasha.

Skrini nyeusi. Maandishi meupe machache yakiniambia hakuna mfumo wowote ulioonekana.

"Si nilisema?" shangazi akasema. "Si nilisema uchuro?"

"Shangazi, shikamoo yako nakupa kila asubuhi," nilimwambia, "lakini leo toka chumbani kwangu." Sikuwahi kumjibu hivyo maishani. Alitoka. Skrini ile niliijua. Ilikuwa na maana kwamba mlango wa mbele bado unatafuta vyumba pale vilipokuwa zamani. Nikarudi kwenye flashi, nikauelekeza mlango upya, nikawasha tena. Likaja swali lile lile la kila siku: leo unaingia wapi?

Nikamwita mama.

Alirekodi mara moja tu. Haikukatika hata silabi. Sauti ilikuwa imekwaruza, ndiyo, lakini ilikuwa yake, na mwishoni alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Nilisogeza mkono nikikate kile kikohozi. Akanipiga kidole.

"Kiache. Na chenyewe ni changu."

Alirudi kutoka hospitali na kitambaa shingoni, anazungumza kwa macho na viganja. Watu wakawa wanamwongelesha kwa kunong'ona, kama vile masikio nayo yalikatwa. Hilo lilimkera kuliko kidonda. Siku ya kwanza alipopata nguvu alinivuta mkono twende sokoni, na shangazi akafuata nyuma na mwavuli.

Tulimsikia kwenye spika kabla hatujafika. "Machungwa! Machungwa matamu!" Sauti ilikuwa juu ya vichwa vya watu wote. Muuzaji alipomwona mama mwenyewe amesimama mbele ya meza yake na kile kitambaa, uso ukamshuka. "Shikamoo mama, nisamehe," alisema, na mkono wake ukakimbilia kuzima spika.

Mama akaudaka ule mkono. Akautoa kwenye kitufe, akakishika yeye, akaongeza sauti mpaka mwisho, mpaka shangazi akaziba masikio. Kicheko kikapita, kikohozi kikapita, tangazo likaanza upya. Akachukua kipande cha kuonja, akakitafuna taratibu huku akimtazama muuzaji usoni, akajifuta vidole kwenye khanga, akaondoka bila kununua.