Kanisa la Wacheza Golfu

Nianze na aibu yenyewe, tusizungushane: mimi ndiye mtoto aliyempeleka bibi yake kusali kwenye klabu ya golfu.

Usinicheke kabla hujaiona ile nyumba. Masaka wakati ule ilikuwa migomba, maharage na harufu ya mavi ya ng'ombe, halafu juu ya kilima cha ng'ambo ikaota hiyo kitu. Paa lilipanda likakutana juu kama viganja vya mtu anayeomba. Ukuta wa mawe meusi, vioo virefu vinavyomeza jua lote la asubuhi, na pembeni mnara mwembamba. Ulikuwa mnara wa kuficha tanki la maji, lakini nani alijua? Shule nilikuja kuiacha katikati, ila somo la mnara sikulikosa: penye mnara pana kengele. Wahenga walisema vyaelea vimeundwa. Mimi nikaona vimeundwa, nikasema vinasali. Na nilikuwa na sababu. Nyogokuru, bibi aliyenilea, alikuwa na goti bovu, na parokia ilikuwa mbali, nyuma ya milima miwili. Alimwomba Mungu kitu kimoja tu: misa ya karibu, kabla goti halijakataa kabisa. Mimi nikajifanya malaika Gabrieli. "Nyogokuru, Mungu amejenga!"

Jumapili akavaa mushanana yake nyeupe, akaniegemea begani, tukapanda. Mlangoni kulikuwa na beseni la jiwe. Akachovya vidole, akafanya ishara ya msalaba, akapiga magoti kwenye zege, na lile goti lake. Mimi pia. Maji yalikuwa na povu. Nikafikiri labda dhambi za matajiri hazitoki kwa maji matupu. Kumbe wanaoshea mipira. Wanaume waliokuwa wanakunywa kahawa kibarazani wakaona. Mmoja akavua kofia, akaja kupiga magoti mbele yake. "Mukecuru, nibariki, leo nimepoteza mipira yote." Wenzake wakapanga foleni nyuma yake, wameziba midomo. Nyogokuru akamwekea kila mmoja mkono kichwani, akamwombea afya, watoto na kifo chema, polepole, bila kuruka mtu. Mmoja alikuwa anapiga picha kwa simu. Mwishowe mlinzi akachoka: "Mukecuru, hapa si kanisa. Hapa watu wanacheza." Kicheko kikapasuka, na lile paa, kwa jinsi lilivyojengwa, likakirudisha mara mbili.

Nyogokuru hakunigombeza. Alisema tu, "Twende, mwana wanjye," tukateremka. Goti lilivimba wiki nzima, na kwenye misa hakwenda tena mpaka tulipomzika. Kuanzia siku ile, hata akitaka kujua kama sufuria imechemka, alimuuliza mdogo wangu.

Leo mimi ni dereva wa moto, pikipiki ya abiria, napeleka wafanyakazi mpaka kwenye ule mlango. Mawe bado yanang'aa. Chini ya kilima kuna kanisa la kweli sasa, la mabati, bila mnara, baya kama kibanda cha kuku, na hata mguu mmoja ungefika. Nilimsimulia yote Sadiki, rafiki yangu fundi cherehani, nikiiga mpaka sauti ya mlinzi ili acheke. Hakucheka. Alikata uzi kwa meno, akasema, "Una bahati, sha. Wako alikuamini mpaka mlangoni. Bibi yangu, nikimwambia mvua inanyesha, anatoka kwanza kuangalia."