Chipukizi Lililobaki Maabarani

Kwanza niliisikia kamba ikikatika. Sauti fupi, kavu, kisha kimya, kisha nyingine, na baada ya kila moja mshindo laini wa kitu kikilala juu ya majani. Nilikuwa bado nje, nikipapasa zipu ya kivungulio, kile kibanda cha plastiki anamokuza nyanya Baba, na plastiki iliyofifia kwa vumbi la Kitengela ilinizuia nisione chochote. Nilipoingia nilimkuta Baba na kisu. Alikuwa akikata kamba zilizoshikilia nyanya zake, akizilaza chini moja moja, polepole, kama watoto waliosinzia kanisani.

Zilikuwa zimenyauka zikiwa na matunda. Alipasua shina moja akanionyesha: ndani, maji yanakopandia, palikuwa na pete ya kahawia. Msimu uliotangulia ilikuwa vivyo hivyo. Pande zote za kiwanja chetu magorofa ya kupangisha yalikuwa yamesimama, na ndugu zake walikuwa wakimwambia kila Krismasi kwamba anapoteza kiwanja bure. Tangu astaafu, hakuwa na kitu kingine kilichomwamsha alfajiri. Aliniambia, bila kupandisha sauti, kwamba hatapanda tena mpaka ipatikane dawa. Ikikosekana, atang'oa nguzo za kivungulio.

Dada yangu mkubwa alikuja akachukua vipande vya mashina hayo. Yeye huchunguza magonjwa ya mimea katika kituo kidogo cha utafiti upande wa Kajiado. Baba alimsindikiza hadi langoni na kuvitazama vile vipande vikiondoka kama mtu aliyetolewa damu ikapimwe. Kutoka hapo akawa mtu wa kungoja.

Nilipomtembelea dada kazini alinieleza alichokuwa akikifanya. Ndani ya mashina alikuta kuvu. Kuijua hakukutosha, alitaka kujua ni nini ndani yake kinachoiwezesha kuua. Udongoni yuko bakteria ambaye tangu asili ana tabia ya kupenyeza kipande cha jeni ndani ya mimea. Wanasayansi humbebesha kipande kingine, naye hukiingiza ndani ya kuvu kwa tabia ile ile. Dada aliwachanganya hao wawili katika visahani, kisha akawahamishia kwenye chakula chenye sumu inayoua kila chembe ya kuvu isiyopokea kipande hicho. Zilizobaki hai zilikuwa zimebadilika. Lakini kipande hutua popote kinapotaka, na kinapotua huvunja jeni iliyokuwa mahali pale. Hakuna anayeweza kukielekeza. Basi alizikuza moja moja, akaloweka mizizi ya miche katika kila moja, akangoja. Miche ilikufa. Trei kwa trei, ilikufa. Mpaka kuvu moja ikashindwa kuua.

Alirudia jaribio hadi akaamini. Ndipo akamwita Baba aje aone.

Baba alivaa koti lake la kanisani. Mlinzi wa lango alimsalimu kwa Kimaasai, "Sopa," naye akajibu, "Ipa," kama jirani wa miaka mingi. Mlinzi akamwangalia toka viatu hadi kola, akauliza kama mzee amekuja kupokea ng'ombe wa mahari. Baba alimwambia asahau, huyu msichana alishaolewa na kuvu.

Ndani, tulivalishwa makoti meupe juu ya nguo zetu. Mezani kulikuwa na vyungu viwili, miche ya mbegu ile ile aliyopanda Baba. Mmoja ulikuwa umekauka. Wa pili ulisimama wima, kijani, una maua. Baba aliinama mbele yake.

Dada alimweleza taratibu kwamba nguvu haiko kwenye mche. Mche ni ule ule. Kuvu ndiyo iliyovunjwa meno. Akaongeza kwamba siku hiyo hiyo mche utatiwa kwenye mtambo wa mvuke, pamoja na chungu na udongo wake, kwa sababu chochote kilichoguswa na kuvu iliyobadilishwa hakitoki chumba kile kikiwa hai. Baba aliuliza kama hata jani moja haliwezi kutoka. Hata jani, dada alisema, akageuka kuzima taa ya darubini.

Tulipokwenda kunawa, maji yaliyotoka vidoleni mwa Baba yalikuwa ya manjano. Kisha harufu ikatufikia, ile chungu inayobaki mkononi mtu anapokwanyua machipukizi ya nyanya. Dada aliutazama mche. Kwenye pembe ya jani na shina kulikuwa na jeraha bichi.

"Baba, toa."

"Nitoe nini?"

"Hiyo ya mfukoni."

Dada ana jina la nyanya yetu, mama yake Baba, kama ilivyo desturi kwetu kwa binti wa kwanza. Kwa hiyo Baba hajawahi kumwita kwa jina, humwita mama tu.

"Maitu," alisema. Mama yangu, kwa Kikuyu. "Ni kamoja tu. Huu umekataa kufa. Niko na mchanga safi kwa ndoo, nitakapanda peke yake."

"Kamebeba kitu nilichotengeneza mimi. Na sijui kitafanya nini huko nje, kwako ama kwa jirani."

"Na dawa?"

"Sina dawa, Baba. Nimejua tu mahali kuvu inapoumia. Dawa inaweza kuchukua miaka, na pengine sitaitengeneza mimi."

Alitia mkono ndani ya koti la kanisani akatoa leso. Alikuwa ameilowesha tangu nyumbani, chipukizi lisinyauke njiani. Akaiweka kiganjani mwa dada.

"Sawa, daktari," alisema.

Alinawa tena, akavua koti jeupe, akalitundika, akanyoosha kola yake. Akaniambia nimpigie fundi simu aje kung'oa nguzo. Dada alibaki amesimama, maji ya leso yakimdondoka kati ya vidole.

"Baba," aliita.

Alisimama akiwa ametupa mgongo, mkono kwenye kitasa, akisubiri. Dada akaikunja leso kiganjani. Baba akatoka, na mlango ukajifunga nyuma yake.